Kamba Hufungwa Mapema: Kupunguza Nguvu katika Tiba ya Wagonjwa wa Akili Kibondo na Kasulu

Mgonjwa wa akili anayeshushwa mbele ya hospitali ya Kasulu au Kibondo huku mikono imefungwa kamba hakuanza kufungwa asubuhi hiyo. Alianza kufungwa wiki kadhaa nyuma, usingizi ulipomtoka na nyumbani hapakuwa na mtu aliyejua kwamba hiyo ni dalili. Kamba ilikazwa zaidi siku zahanati ilipoishiwa vidonge vyake. Fundo la mwisho lilipigwa alipomrushia jirani jiwe, mwenyekiti wa kitongoji akaita vijana, na vijana wakaja na walichokuwa nacho.

Hoja ya uchambuzi huu ni hiyo. Nguvu inayotumika juu ya mgonjwa aliyecharuka, iwe kamba, pingu, chumba kilichofungwa au sindano ya usingizi, kwa sehemu kubwa hutokana na hatua zilizorukwa siku, saa au dakika kabla. Anayetaka kuipunguza hawezi kumwambia tu muuguzi wa zamu aache kuitumia. Inambidi arudi nyuma, aone kila hatua iliyorukwa, na airudishe mahali pake. Nyanda za juu za Kigoma zinafaa sana kwa kazi hiyo, kwa sababu huko karibu kila kinachoweza kumfikisha mgonjwa kwenye kamba kipo: umbali, upungufu wa watumishi, homa zinazopanda kichwani, na maelfu ya watu waliokwisha kufungwa na watu wenye silaha kabla hawajavuka mpaka.

Nchi ya mpakani na hospitali ya mbali

Kasulu na Kibondo ziko katika nchi ya Buha, vilima vya migomba na mihogo vinavyopakana na Burundi. Kiha cha wenyeji na Kirundi cha ng'ambo husikilizana bila mkalimani. Kwa miongo mingi vita vya majirani vimekuwa vikimwaga watu huku. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa Novemba 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia Kivu Kusini. Mwaka 2015, Pierre Nkurunziza alipong'ang'ania muhula wa tatu wa urais wa Burundi, Warundi walifurika kijiji cha Kagunga ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikawapata pale pale, na meli ya MV Liemba ikawabeba hadi Kigoma ili wapelekwe Nyarugusu. Kambi hiyo ilipofurika, Oktoba 2015 kambi ya zamani ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya, na kufikia 2017 ilikuwa na zaidi ya watu laki moja. Mtendeli, wilayani Kakonko, ilipokea watu kuanzia Januari 2016 hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2021.

Huduma za afya za kambi hizi zimebebwa kwa sehemu kubwa na mashirika. Nduta wamekuwepo Madaktari Wasio na Mipaka, ambao pamoja na tiba ya kawaida waliweka huduma ya afya ya akili. Nyarugusu wamekuwepo Msalaba Mwekundu wa Tanzania. Nje ya kambi, wananchi hutegemea zahanati, vituo vya afya, hospitali za wilaya, na hospitali za misheni kama Kabanga na Heri.

Ngazi ya juu ya tiba ya akili iko mbali. Hospitali ya Mirembe, iliyoanza mwaka 1927, iko Dodoma, karibu kilomita 800 za reli kutoka Kigoma mjini, na mgonjwa wa Kibondo ana safari nyingine ndefu kabla hajaiona stesheni hiyo. Mkimbizi anahitaji pia kibali cha kutoka kambini, kwani Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka aishi katika eneo alilopangiwa. Safari ya namna hiyo, kwa mtu asiyelala na anayeamini kwamba wanaomsindikiza wanakwenda kumuua, haiwezekani bila kushikwa. Umbali peke yake basi unazaa shuruti: kila kilomita inayoongezwa kati ya mgonjwa na tiba inaongeza muda atakaokaa amefungwa.

Nchi yetu iliwahi kulifahamu hili mapema. Baada ya Uhuru, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, Tanzania ilianzisha vijiji vya kilimo ambako wagonjwa wa akili waliishi, walilima na kutibiwa karibu na maisha ya kawaida. Hombolo, mkoani Dodoma, ni kimojawapo. Miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark na Shirika la Afya Duniani, mpango wa taifa wa afya ya akili ulianza katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, lengo likiwa kuwafundisha watumishi wa zahanati na vituo vya afya kumtambua na kumtibu mgonjwa pale alipo. Wazo la kuisogeza tiba nyumbani lina mizizi humu nchini. Kilichopungua ni kulifikisha hadi mwisho wa barabara.

Fujo ina chanzo, na chanzo kingine kiko maabara

Kosa la kwanza linalozaa nguvu isiyo ya lazima ni kudhani kwamba kila anayefanya fujo ni mgonjwa wa akili, na kwamba mgonjwa wa akili hufanya fujo kwa asili yake. Wagonjwa wengi wa akili hawana fujo kabisa. Mara nyingi wao ndio wanaopigwa, kuibiwa na kubakwa kuliko wanavyowadhuru wengine. Na miongoni mwa wanaoletwa wamecharuka, wapo ambao ugonjwa wao hauko akilini kwa maana tunayoizoea.

Malaria ndiyo ya kutazamwa mwanzo. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa 2017 ulikuta Kigoma inaongoza kwa maambukizi Tanzania Bara, ikiwa na takriban mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka mitano aliyekuwa na vimelea. Malaria ikipanda kichwani, mtu huweweseka, hupiga kelele, huwapiga hata anaowapenda. Sukari ikishuka mwilini, hali huwa hiyo hiyo. Homa ya uti wa mgongo, taifodi kali, maambukizi baada ya kujifungua na kifafa cha mimba navyo huleta kuweweseka. Mtu aliyetoka tu kwenye degedege la kifafa anaweza kuzinduka akiwa hajitambui, akamrukia anayemshika kwa nia njema. Mnywaji wa gongo aliyekatishwa ghafla kwa sababu amelazwa kwa mguu uliovunjika, siku ya pili au ya tatu anaweza kuanza kutetemeka, kuona wadudu ukutani na kupambana na wauguzi.

Kibondo na Kasulu zina ugonjwa mwingine ambao mtumishi aliyehamia kutoka Dar es Salaam anaweza asiukumbuke: malale. Mapori ya mbung'o upande wa Moyowosi yameifanya nchi hii kuwa kitovu cha malale kwa karibu karne nzima, kiasi kwamba katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Buha kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi mapya. Malale ya Afrika Mashariki huenda haraka. Ndani ya wiki au miezi michache vimelea huingia kwenye ubongo, na kabla usingizi wa mchana haujaonekana, tabia hubadilika: mtu mpole anakuwa mkali, anazungumza yasiyoeleweka, anazurura usiku. Wagonjwa wamepungua sana siku hizi, na ndiyo sababu ni rahisi kuwasahau. Lakini vimelea vyake vinaweza kuonekana kwenye tone la damu lile lile linalotazamwa kwa darubini kutafuta malaria, endapo mtu wa maabara ataambiwa avitafute.

Haya yanahusiana moja kwa moja na kamba. Anayeweweseka kwa malaria akifungwa kitandani na kupewa dawa ya usingizi, ugonjwa unaendelea kumla huku watu wakiridhika kwamba ametulia. Kupima joto, sukari, damu, shinikizo na kasi ya kupumua, na kuwauliza ndugu swali moja, "Haya yalianza lini, ghafla au polepole?", ni kazi ya dakika chache. Iliyoanza ghafla, ikiwa na homa, kwa mtu ambaye hakuwahi kuugua akili, itibiwe kama ugonjwa wa mwili mpaka ithibitike vinginevyo.

Aliyewahi kufungwa

Katika kambi kuna jambo jingine zito. Baadhi ya wanaoishi Nduta na Nyarugusu walifungwa kamba kabla ya kuwa wakimbizi. Wengine walifungwa wakishuhudia ndugu zao wakiuawa. Wapo wanawake walioshikwa mikono na miguu na wanaume kadhaa. Mtu wa namna hiyo akizungukwa na walinzi wanne, akasukumwa chini na kuvuliwa suruali ili achomwe sindano, mwili wake hautofautishi wodi na msitu wa Fizi huko Kivu Kusini. Atapigana kwa nguvu zote alizonazo, na rekodi ya hospitali itaandika kwamba alikuwa mkali sana. Kinachoonekana hapo kuwa dalili ya ugonjwa, kwa kiasi kikubwa ni jibu la alichotendewa.

Ndipo panapoonekana jinsi nguvu inavyozaa fujo. Mgonjwa aliyeshikwa kwa namna inayomrudishia maafa hatarudi kliniki kwa hiari. Ataacha dawa, atazidiwa, ataletwa tena kwa nguvu, na safari hii atakuja akiwa amejiandaa kupigana. Familia nayo hujifunza kwamba hospitali ni mahali pa kumpeleka mtu baada ya kila kitu kushindikana. Kila tukio la kushikwa kwa nguvu linaandaa linalofuata.

Maisha ya kambi yanaongeza kuni. Mwaka 2023 mgao wa chakula wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kwa wakimbizi walioko Tanzania ulishuka hadi nusu ya kiasi kinachohitajika. Tangu Septemba 2017 Warundi wamekuwa wakirejeshwa kwao kwa mpango wa hiari, na habari za kufungwa kwa kambi huzunguka kila wakati. Mtu asiyelala kwa hofu ya kurudi, mwenye njaa, anayekunywa dawa inayoongeza hamu ya kula, hahitaji sababu kubwa ya kulipuka kwenye foleni.

Dakika za mwanzo

Tukio la fujo hupanda ngazi. Mara chache sana mtu hutoka kwenye utulivu na kufika kwenye kurusha ngumi bila kupita katikati. Hutembea huku na huko, sauti hupanda, ngumi hukunjwa, macho hukodoka, maswali yale yale hurudiwa. Katika dakika hizo maneno bado yanafanya kazi, na hapo ndipo watumishi wengi hawajafundishwa la kufanya.

Kinachosaidia kinajulikana, na hakina gharama ya dawa. Mtu mmoja tu azungumze, wengine wanyamaze, kwa sababu sauti tatu zinazoamrisha kwa pamoja zinasikika kama kundi la watu wenye shari. Watazamaji waondolewe: kelele za watoto na wapita njia zinamfanya mgonjwa ajitetee mbele ya umati. Anayezungumza asimame upande, umbali wa hatua mbili au zaidi, mikono ionekane, na mlango usizibwe, kwake wala kwa mgonjwa. Amsalimie kwa heshima inayolingana na umri wake: mzee aitwe mzee, mama aitwe mama, kijana aitwe kaka au mdogo wangu. Azungumze Kiha kwa Muha, na kwa Mrundi aanze na "Amahoro". Lugha ya nyumbani hupunguza hofu kabla hata maana ya maneno haijafika.

Kisha amsikilize. Mgonjwa anayesema chakula chake kimetiwa sumu hasaidiwi na mabishano. Anaweza kujibiwa, "Naona una hofu sana, kaka. Hapa hakuna atakayekulazimisha kula. Unataka maji ya chupa iliyofungwa, au ufungue mwenyewe bomba unywe?" Ndani ya jibu hilo kuna mambo matatu: hofu imetambuliwa, usalama umeahidiwa, na mtu amepewa cha kuchagua. Mwenye nafasi ya kuchagua, hata kati ya vitu vidogo, hana haja kubwa ya kupigania uhuru wake kwa ngumi. Na kile kilichoahidiwa kitimizwe. Ahadi moja ya uongo iliyotumiwa kumwingiza mtu kwenye gari italipiwa na wauguzi kwa miezi mingi.

Kwamba haya yanapimika na yanafanya kazi, ushahidi upo. Uingereza, Len Bowers na wenzake waliandaa mpango wa hatua kumi ndogo ndogo, zikiwemo kukubaliana na wagonjwa juu ya taratibu za wodi, kutumia lugha laini, kumwandaa mgonjwa kabla ya kumpa habari mbaya, na kuwaondolea hofu wote wodini baada ya tukio. Walizijaribu katika wodi 31 za hospitali 15, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha ugomvi ukipungua kwa asilimia 15 na matumizi ya njia za kuzuia kwa nguvu yakipungua kwa asilimia 26.4. Wodi za Uingereza zina watumishi wengi kuliko za Kibondo, hilo ni kweli. Lakini kumwandaa mtu kabla ya kumwambia kwamba mgao umepunguzwa, au kwamba mkewe hatakuja leo, hakuhitaji watumishi wengi.

Kidonge kwanza, sindano baadaye

Maneno yasipotosha, dawa inaweza kusaidia, na namna inavyotolewa ina uzito sawa na dawa yenyewe. Mgonjwa aombwe kwanza ameze kidonge. Wengi hukubali wanapoombwa na mtu mmoja aliyeketi, na hukataa wanapoamriwa na watu watano waliosimama. Kidonge kilichomezwa kwa hiari kinamwacha mtu na heshima yake.

Sindano ikilazimu, uchaguzi wa dawa si jambo dogo. Majaribio yaliyofanywa Rio de Janeiro nchini Brazil na Vellore nchini India, katika vyumba vya dharura vyenye msongamano na bajeti zisizo mbali sana na zetu, yalionyesha kwamba haloperidoli ikichanganywa na promethazini humtuliza mgonjwa kwa haraka na kwa usalama. Jaribio la Rio lililochapishwa mwaka 2007 lililinganisha mchanganyiko huo na haloperidoli peke yake. Waliopewa haloperidoli peke yake walitulia polepole zaidi, na kumi kati yao walikakamaa misuli ghafla, jambo ambalo halikumpata hata mmoja upande wa mchanganyiko.

Kwa muuguzi wa Kasulu maana yake ni hii. Mgonjwa aliyechomwa haloperidoli bila kinga, shingo ikapinda na macho yakageukia juu, amepata uthibitisho kwamba watu hawa walitaka kumdhuru. Ndugu zake nao wataamini hivyo. Promethazini ni dawa ya bei nafuu inayojulikana sana. Kukosekana kwake kwenye kabati la dharura kunaweza kuharibu imani ya familia nzima. Na diazepamu ya kuchoma kwenye msuli, iliyozoeleka kwa sababu ipo, huingia mwilini kwa namna isiyotabirika. Mtumishi anayeona haijafanya kazi akiongeza nyingine, anaweza kujikuta na mgonjwa anayeshindwa kupumua.

Inapobidi kumshika

Ipo hali ambapo mtu atajiua au ataua ndani ya sekunde chache, na kumshika ndiko kumwokoa. Kukataa kulisema hili ni kumwacha muuguzi peke yake na uamuzi mgumu. Kushika kuna kanuni zake, na kwenda kinyume chake kunaua. Mwaka 1998 gazeti la Hartford Courant la Marekani lilikusanya habari za vifo 142 katika muda wa miaka kumi vilivyotokea wakati watu walipokuwa wamefungwa, wameshikwa au wametengwa katika taasisi za tiba. Wengi hawakufa kwa kipigo. Baadhi yao walikosa pumzi kwa sababu walilazwa kifudifudi na mtu mzima akawakalia mgongoni.

Asilazwe kifudifudi, basi. Hakuna goti juu ya mgongo, kifua wala shingo. Mtu mmoja ashughulike na kichwa pekee, azungumze na mgonjwa muda wote na kumtazama anavyopumua, na awe na mamlaka ya kusema "Mwachieni" wakati wowote. Mwanamke ashikwe na wanawake. Kumshika kuishe mara hatari inapoisha. Akishachomwa sindano, apimwe pumzi, mapigo na fahamu kila baada ya dakika chache mpaka azinduke vizuri, apewe maji, alazwe ubavu. Pingu za chuma, minyororo na kamba ya kufungia mizigo visiingie wodini kamwe, kwani hukata nyama, huzuia damu, na havina namna ya kulegezwa haraka.

Hatua inayosahaulika zaidi ni ile ya baadaye. Siku inayofuata mgonjwa aulizwe, kwa faragha: Ulikuwa unaogopa nini? Sisi tulikosea wapi? Ikianza tena, ungependa tufanye nini kwanza? Majibu yake yaandikwe kwenye faili. Anayesema, "Msinishike mkono wa kushoto, walinivunja huko," ameipa hospitali taarifa ambayo hakuna kipimo kingeipata.

Dawa peke yake haifungui mnyororo

Wapo wanaoamini kwamba tatizo lote ni dawa: zikifika, minyororo itaanguka yenyewe. Ghana inatuonya. Katika kambi moja ya maombi, watafiti waliwapa dawa baadhi ya wagonjwa waliokuwa wakiombewa na kufungwa minyororo, wakawalinganisha na wenzao waliobaki na maombi tu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba baada ya wiki sita waliotumia dawa walikuwa na nafuu ya wazi. Siku walizokaa kwenye minyororo, hata hivyo, hazikutofautiana na za wenzao kwa kiasi cha maana.

Ethiopia inatoa picha nyingine. Katika wilaya ya mashambani ya Sodo, watumishi wa kawaida wa vituo vya afya walifundishwa kuwatibu wagonjwa wenye maradhi makali ya akili, kwa utaratibu unaofanana na ule ambao Shirika la Afya Duniani liliuzindua mwaka 2008 kwa ajili ya vituo visivyo na madaktari bingwa. Kabla ya hapo, takriban robo ya wagonjwa walikuwa wamefungwa ndani ya mwaka uliotangulia. Mwaka mmoja baadaye walibaki kama mmoja kati ya kumi. Utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo si kila nafuu iandikwe kwa jina la huduma. Hata hivyo, tofauti ya Ghana na Ethiopia inaeleweka. Ghana, dawa ililetwa mahali ambapo wenye funguo walibaki wale wale, na kanuni zao za kumfungua mtu hazikubadilika. Sodo, tiba ilihamia karibu na nyumbani, na aliyekuwa na ufunguo alikuwa baba au mama aliyemfunga mwanawe kwa kukosa njia. Walipoipata njia, wengi wao walifungua.

Kwa hiyo, Kibondo na Kasulu, swali la kuuliza ni nani mwenye ufunguo. Nyumbani ni mzazi, ambaye anahitaji kujua dalili za mwanzo, namba ya simu ya mtumishi wa afya, na hakika kwamba vidonge vitakuwepo mwezi ujao. Kijijini ni mtendaji na mgambo, na kambini ni sungusungu, ambao ndio hufika wa kwanza na kwa kawaida hawajapata hata siku moja ya mafunzo kuhusu ugonjwa wa akili. Kwa mganga wa jadi au kwa mchungaji ni yeye mwenyewe. Huyo akidharauliwa atamficha mgonjwa, na akishirikishwa anaweza kumruhusu mtumishi aingie.

Sheria, na hofu ya muuguzi

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ilichukua nafasi ya sheria ya enzi za ukoloni, na inatofautisha mgonjwa anayelazwa kwa hiari na anayelazwa bila hiari. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kamati inayosimamia mkataba huo inataka tiba ya kulazimisha ikomeshwe kabisa. Madaktari wengi wanasema haiwezekani kuikomesha, inawezekana kuipunguza tu. Mjadala huo ni wa haki na hautakwisha karibuni. Lakini hospitali ya wilaya haihitaji kuungoja, kwa kuwa pande zote mbili zinakubaliana kwamba sehemu kubwa ya nguvu inayotumika sasa ingeweza kuepukwa.

Upande wa mtumishi nao usikilizwe. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku, mwenye wodi nzima na mlinzi aliyeko getini, anapomwogopa mgonjwa mwenye nguvu ana sababu. Watumishi wamepigwa, wamevunjwa meno, wameumizwa. Kumwambia aheshimu haki za mgonjwa bila kumwongezea mwenzake, filimbi, taa na mlango wa pili ni kumtwika mzigo usiobebeka. Usalama wa mgonjwa na wa muuguzi unasimama au unaanguka pamoja. Mtumishi asiye na hofu huzungumza polepole, na mwenye hofu hukimbilia kamba.

Mahali pa kuanzia

Kama yote haya ni ya kweli, kazi inajulikana. Kila hospitali na kila kituo cha kambi kiwe na daftari la matukio ya kumshika au kumfunga mgonjwa: tarehe, saa, chanzo, kilichojaribiwa kabla, muda aliokaa ameshikwa, na jina la aliyeamua. Bila daftari hakuna atakayejua kama nguvu inapungua, na kikao cha mwisho wa mwezi hakitakuwa na cha kuuliza. Dawa chache za msingi za akili na kifafa zihesabiwe kwa uzito ule ule wa dawa za malaria, ili kuisha kwake kuwe dharura inayopigiwa simu. Mtumishi wa afya ngazi ya jamii apewe orodha ya wagonjwa wa akili wa kijiji chake na awatembelee hata wanapokuwa wazima. Mgambo, polisi na sungusungu wafundishwe pamoja na wauguzi, katika chumba kimoja, wakijifunza kuzungumza kabla ya kushika. Wanaofundisha wawemo watu waliowahi kuugua na kufungwa, kwa kuwa wao ndio wanaojua neno lipi lingewatuliza.

Hakuna hata moja kati ya haya linalosubiri hospitali mpya au daktari bingwa kutoka Dodoma. Yanasubiri uamuzi wa mganga mkuu wa wilaya, muuguzi kiongozi, msimamizi wa shirika na mtendaji wa kata kwamba kila anayeletwa amefungwa awe swali la kujibiwa: ni hatua gani tuliruka, na nani ataizuia isirukwe tena? Wilaya itakayouliza hivyo kwa kila mgonjwa, na kuyafanyia kazi majibu, itaona kamba zikipungua mlangoni mwake.